KUZUIA KOGA KATIKA MAJIKO YA KUCHOMEA WAKATI WA MVUA

Wananchi wa Unguja na Pemba wanafahamu vyema kwamba mvua za masika, ambazo aghalabu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, huleta unyevunyevu unaopenya hadi ndani ya makabati. Viatu huota koga na nguo hutoka kawa. Jambo lisilotiliwa maanani ni kwamba majiko ya makaa yanayowekwa uani kwa ajili ya kuchomea samaki na mishikaki nayo hupatwa na hali hiyo hiyo.

Mwenye jiko hufunua turubai baada ya wiki mbili za mvua, akakuta wavu umeota manyoya meupe au ya kijani, akadhani kuwa chuma kimeoza. Sivyo. Koga haili chuma. Chakula chake ni mafuta ya nyama, viungo na vipande vilivyogandamana na wavu tangu siku ya mwisho ya kuchoma. Penye masalio hayo, giza na unyevu, koga huota kwa siku chache tu. Kwa hiyo jiko chafu lililofunikwa barabara kwa nailoni huharibika upesi kuliko lililoachwa wazi chini ya paa, kwa sababu nailoni huuzuia mvuke usitoke.

Kinga yenyewe si ya gharama. Baada ya kumaliza kuchoma, makaa yaachwe yawake chini ya wavu mtupu kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka mafuta yaungue na kukauka. Kisha wavu usuguliwe kwa kumbi la nazi au brashi ya waya. Atumiaye brashi ya waya aukague wavu kabla ya kupanga chakula tena, kwani nyuzi zake hukatika na zinaweza kumezwa pamoja na nyama.

Ama majivu, yasiachwe ndani ya jiko. Majivu hunyonya unyevu wa hewa na kuugandisha kwenye chuma, na chumvi zilizomo huharakisha kutu. Yakishapoa kabisa yamwagwe. Jiko lipakwe mafuta kidogo ya kupikia, liinuliwe juu ya matofali, na lifunikwe kwa namna ya kuacha nafasi ya upepo kupita chini. Makaa nayo yahifadhiwe mbali na sakafu. Makaa ya mti yaliyolowa huweza kuanikwa juani yakafaa, lakini yale yaliyobumbwa kwa vumbi na wanga hulainika na kumeguka, na wanga huo wenyewe ni chakula cha koga.

Endapo koga imekwisha kuota, isipanguswe kavukavu, maana vumbi lake huruka na kuwadhuru wenye pumu. Jiko liwashwe uwanjani bila ya chakula mpaka lipate moto mkali, lipoe, lisuguliwe, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha liwashwe tena likauke. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haifai kwa kazi hii, kwa vile hula chuma. Tena ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi yenye kudhuru kifua.

Lipo jambo moja linalohitaji tahadhari kubwa zaidi kuliko koga yenyewe. Mvua inaponyesha mfululizo, wapo wanaoingiza seredani yenye moto chumbani ili ikauke, au ili ikaushe nguo za watoto. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na moshi ukiisha haina maana kuwa gesi nayo imekwisha. Waliolala hawahisi chochote; huweza kufa wote usiku mmoja. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali.

Ofisi na skuli zenye majiko ya pamoja zinashauriwa kumteua mtu mmoja wa kuyasafisha kila baada ya matumizi. Jiko la watu wote, kwa kawaida, husubiri mpaka siku ya sherehe inayofuata ndipo litazamwe. Utaratibu huu ufuatwe pia wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba.