Yoti ya kifahari: usidanganyike na makochi!

Ukipata bahati ya kujaribu yoti ya kuvuka bahari kuu, usiishie kukalia makochi ya ngozi. Julai 2015, Polina Star III, yoti aina ya Oyster 825 ya kampuni ya Uingereza, ilizama baharini Hispania. Mkuku uling'oka na kipande cha bodi. Mabaharia wote watano waliokolewa.

Mkuku ndio uzito wa chini unaozuia yoti isipinduke upepo ukipiga tanga. Kwa hiyo fungua mbao za sakafuni, kagua nyufa kwenye bolti za mkuku. Halafu pandisha tanga, shika usukani mwenyewe, iache ilalie upande, usikilize kama kuna kinachogonga.

Nyie mngeanzia wapi?