Mafia: Mashine Iliyojifunza Kuua Yajifunza Kuponya

Ukisimama Kilindoni, kisiwani Mafia, ukaelekeza macho magharibi, ng'ambo ya bahari ndiko iliko midomo ya Mto Rufiji. Humo ndimo ilimojificha Königsberg, manowari ya Wajerumani, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, Septemba 20, 1914. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakajenga kiwanja cha ndege. Julai 11 ndege iliyoruka kisiwani humo iliwaelekeza wapiga mizinga kwa simu ya upepo, na manowari ile ikaangamia.

Mashine ilikuwa imekwisha kujifunza kulenga shabaha. Majeruhi, kwa upande wao, walingoja mikono ya watu, machela na mashua. Na damu haingoji. Hata leo, askari wengi ambao wangeweza kupona hufa kwa kutokwa na damu kabla ya kumfikia mpasuaji.

Ndiyo sababu, kati ya 2005 na 2007, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iligharimia jaribio liitwalo Trauma Pod. Chumbani hamkuwa na binadamu, ila sanamu ya mgonjwa. Daktari alikaa mbali, akaongoza mikono ya roboti. Roboti nyingine ilimpokeza vifaa kama afanyavyo muuguzi, na programu ikaweka hesabu ya kila kilichotumika. Kabla ya hapo, Septemba 2001, Profesa Jacques Marescaux, akiwa New York, alimtoa kifuko cha nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa.

Lakini vitani mawasiliano hukatwa mapema. Yakikatika katikati ya upasuaji, je, akili mnemba iachiwe kisu? Na ikikosea, nani atawajibika mbele ya mama wa marehemu? Hapo ndipo penye shaka, wala si katika wepesi wa mikono ya chuma.

Ndugu msomaji, Mafia ya leo haina vita, ila ina bahari. Mzazi akitokwa na damu kisiwani, saa yake ni ile ile ya askari. Rwanda ilianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani. Hapa kwetu, mwaka 2018, ndege ya namna hiyo ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika 40 hivi.

Basi roboti mpasuaji na angojewe. Chupa ya damu ifikayo kwa wakati haihitaji kungojewa miaka mingine mia.