Nani anakusubiri?



Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua ya msikilizaji mmoja wa kipindi hiki ambaye amestaafu baada ya miaka 32 ya utumishi. Halalamikii mafao; anasema kiinua mgongo chake alikipata, tena chote. Wala haumwi. Swali lake ni fupi. Mtu akishasomesha watoto, akajenga, akaagwa kazini kwa soda na hotuba, kesho yake anaamka asubuhi kwa ajili gani?

Wapo watakaosema hilo ni swali la mtu aliyeshiba. Mimi sidhani hivyo. Kijana aliyemaliza chuo akakaa nyumbani miaka minne bila ajira naye hujiuliza jambo hilo hilo, na tumbo lake halijashiba hata kidogo.

Jibu la haraka lipo. Mwulize sheikh au padri, atakwambia tumeumbwa ili tumwabudu Mungu. Sina ugomvi na jibu hilo. Lakini dini zenyewe haziishii msikitini wala kanisani. Zinamtaka mtu atoke akamjulie hali mgonjwa na kumtazama yatima. Tena mwandishi wa barua hii anaeleza kwamba sala hazimpiti. Kwa hiyo swali lake linabaki pale pale.

Nimeona nilitafutie jibu mbali kidogo, katika kijiji ambacho karibu watu wote walipoteza kazi kwa wakati mmoja, na wataalamu wakaenda kuishi nao na kuandika walichokiona.

Kijiji hicho kinaitwa Marienthal, nchini Austria, kusini mashariki ya mji mkuu wa Vienna. Kilikuwa na wakazi wapatao 1,500, na kwa miaka 100 hivi kiliishi kwa kutegemea kiwanda kimoja cha nyuzi na nguo. Uchumi wa dunia ulipoanguka, kiwanda kikafungwa idara baada ya idara kati ya mwaka 1929 na mwanzo wa 1930. Mwishoni mwa 1931 wakafika watafiti kutoka Vienna, miongoni mwao Marie Jahoda, binti wa miaka 24 wakati huo, na mwenzake Paul Lazarsfeld. Inasimuliwa kwamba awali walitaka kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyotumia muda wao wa mapumziko. Kiongozi mmoja wa Wasoshalisti, Otto Bauer, akawashangaa: nchi imejaa watu wasio na kazi, nanyi mnataka kuchunguza mapumziko? Ndipo walipopelekwa Marienthal.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1933. Umaskini waliukuta, kama ilivyotazamiwa, maana familia nyingi ziliishi kwa posho ndogo ya serikali iliyokuwa na ukomo wake. Lakini wengi walidhani pia kwamba mtu akikosa kazi, angalau anapata nafasi. Atasoma, atashiriki siasa, atatengeneza nyumba yake. Mambo yalikwenda kinyume kabisa. Maktaba ya wafanyakazi ilikuwa ikitoza ada, na ada hiyo ikafutwa. Hata hivyo idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilishuka kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Vyama vilipungukiwa na wanachama. Bustani kubwa ya kijiji, iliyokuwa fahari yao enzi za kiwanda, ilijaa magugu. Fikiria, ndugu msikilizaji: mamia ya watu wenye mikono na wenye muda wa kutwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyeingia kung'oa majani.

Watafiti hao walifanya jambo jingine ambalo mimi hulipenda kwa urahisi wake. Walisimama penye barabara kuu wakaangalia watu wanavyotembea. Wanaume walijikokota, wakasimama, wakatazama huku na huku, wakasogea tena kidogo. Wengi wao hawakuvaa tena saa mkononi. Walipopewa karatasi waandike siku yao ilivyokwenda saa hadi saa, walikumbuka kuamka, kula mchana na kulala. Katikati yake walishindwa kueleza wamefanya nini.

Wanawake je? Walitembea haraka zaidi. Nao walipoteza ajira kiwandani kama waume zao, lakini nyumbani kulikuwa na watoto wa kulisha, nguo za kutia viraka, na unga wa kupima ili ufike mwisho wa juma. Siku yao ilikuwa na saa, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyewasubiri kila saa. Nisieleweke vibaya. Sisemi kazi za nyumbani ni tunu waliyopewa wanawake. Wengi wao waliwaambia watafiti kwamba wangerudi kiwandani hata kesho, na si kwa ajili ya mshahara peke yake. Walikosa kuwa pamoja na wenzao.

Miaka hiyo hiyo, mjini Vienna kwenyewe, daktari mmoja kijana aitwaye Viktor Frankl alikuwa akiwashauri vijana waliokata tamaa kwa kukosa kazi. Mwaka 1933 aliandika juu yao. Aligundua kwamba vijana hao wamefunga mahesabu mawili kwa pamoja. La kwanza: sina kazi, basi sina faida. La pili: sina faida, basi maisha yangu hayana maana. Frankl akawashawishi waende kujitolea katika vyama vya vijana, katika elimu ya watu wazima, na katika maktaba za umma. Anasimulia kwamba huzuni yao iliondoka, ingawa mifukoni hawakuongezewa hata senti moja na matumbo yaliendelea kunguruma kama zamani.

Hapa hapana budi nisimame kidogo, kwa sababu neno hili "kujitolea" limechafuka kwetu. Wapo vijana wanaofundisha shuleni au kushika mafaili maofisini mwaka wa tatu sasa, kwa jina la kujitolea, wakifanya kazi kamili ya mwajiriwa kwa nauli, au bila hata nauli. Huyo anatumika, na anayemtumia anajua. Frankl hakusema kwamba maana ya maisha inalipa kodi ya nyumba. Alichokiona ni kwamba njaa ni ugonjwa mmoja, na kuhisi kwamba hakuna anayekuhitaji ni ugonjwa wa pili, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine. Kijana anahitaji dawa zote mbili. Mstaafu aliyeniandikia amekwisha kupewa ya kwanza, ndiyo maana anashangaa mbona bado anaumwa.

Yaliyompata Frankl mwenyewe baadaye ni makubwa. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1942 Wanazi walimkamata pamoja na mkewe na wazazi wake, na hadi alipokombolewa Aprili 1945 alikuwa amepitia kambi nne, Auschwitz ikiwa mojawapo. Mkewe, wazazi wake na kaka yake wote walikufa. Kitabu alichokiandika mara baada ya vita, kikachapishwa mwaka 1946, kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Ndani yake anaeleza habari za wafungwa wawili waliotaka kujiua, kila mmoja akisema hana tena la kutarajia maishani. Walipozungumza nao ikaonekana kwamba mmoja ana mtoto anayempenda sana, yuko nchi ya mbali akimngoja. Wa pili alikuwa mwanasayansi aliyeanza kuandika mfululizo wa vitabu, na hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kuumaliza.

Naam, liangalie swali lilivyogeuzwa. Hawakuulizwa wanataka nini kutoka katika maisha, maana jibu lilikuwa wazi na halikuwezekana. Waliulizwa ni nani, au ni nini, kinachowangoja wao na si mwingine. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunaitafuta maana ya maisha kama mtu anayepapasa mifuko ya koti lake, wakati kilichopotea kiko kwa jirani.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tumelelewa katika heshima kubwa ya kazi, na hilo ni jema. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 tuliambiwa ni Uhuru na Kazi. Azimio la Arusha la 1967 likataka kila mwenye uwezo afanye kazi, ila watoto, vikongwe na wasiojiweza. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu wanakumbuka watu wasio na vitambulisho vya kazi walivyokamatwa mitaani na kurudishwa vijijini wakiitwa wazururaji. Kisha miaka ya 1990 mashirika ya umma yakarekebishwa, wafanyakazi maelfu wakapunguzwa, na mtu aliyekuwa meneja mwezi Machi akawa, kwa mahesabu yale yale tuliyofundishana, karibu na mzururaji mwezi Aprili. Hakuna aliyetufundisha hesabu nyingine.

Wakubwa wao hawapati shida sana. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985, alikuwa na shamba Butiama, akaongoza Tume ya Kusini, na hadi alipofariki Oktoba 1999 alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi. Karani wa masjala akistaafu haundiwi tume. Anaundiwa kiti barazani.

Na kiti hicho huwekwa na watu wanaompenda. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Mzee akishika jembe, mtoto anakimbia kumpokonya: "Baba, pumzika, umefanya kazi vya kutosha." Akitaka kwenda kulipia maji, anaambiwa imekwisha kulipwa kwa simu. Mjukuu ana somo la hesabu linalomshinda, babu alikuwa mhasibu miaka 30, lakini anatafutwa mwalimu wa tuisheni. Kila moja la mambo hayo ni la huruma. Ukiyajumlisha, umemjengea baba yako Marienthal ndogo nyuma ya nyumba, na baada ya mwaka mmoja unashangaa kwa nini anatembea polepole ilhali daktari amempima na hakuona ugonjwa.

Kwa waajiri nina neno moja tu. Kwa mujibu wa taratibu za utumishi wa umma, tarehe ya mtumishi kutimiza miaka 60 inajulikana tangu siku anapoajiriwa. Semina za kuwaandaa wanaostaafu zipo, na nimewahi kualikwa katika baadhi yake. Zinazungumzia ufugaji wa kuku, hisa na matapeli wa kiinua mgongo. Sijasikia hata moja ikimwuliza mtumishi: Jumatatu ya kwanza, saa mbili asubuhi, nani atakuwa anakungoja?

Ndugu yangu uliyeniandikia, hukutaja mtaa wako, lakini sina shaka una chama cha kufa na kuzikana, kwa maana mitaa yetu mingi inavyo. Mtaani kwetu chama hicho kilikuwa karibu kuvunjika kwa ugomvi wa fedha. Daftari lilikuwa halisomeki, na kila mmoja alimshuku mwenzake. Wakamwendea mzee mmoja, mtunza stoo mstaafu, mtu mkali asiyependa utani, ambaye kwa miezi mingi tulikuwa tukimwona kijiweni akitazama wengine wanavyocheza drafti. Akakataa mara mbili. Mara ya tatu akawaambia wamletee risiti zote. Siku hizi kila Jumapili saa nne anakaa chini ya mwembe na meza yake, kalamu mbili na leja mpya aliyoipigia mistari kwa rula. Ukilipa pungufu kwa shilingi 500 anakurudisha nyumbani. Wapo wanaomnung'unikia. Jumapili moja alichelewa kutokana na mafua, na kabla ya saa nne na nusu walikuwa wamekwisha mtuma mtoto akamgongee mlango.