Jina la Camp Saio linatoka wapi?

Kila mtu wa Bukavu anaijua Camp Saio, kambi ya wanajeshi. Kinshasa nako kuna avenue Saio. Ila jina lenyewe si la Congo. Saio ni mji wa Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembi Dolo, na mambo yaliyotokea kule mwaka 1941 yana kichekesho ndani yake.

Ilikuwa vita ya pili ya dunia. Ubelgiji ilikuwa imeshikwa na Wajerumani, lakini koloni yake iliendelea kupigana. Wasoda wa Force Publique walitoka Congo, wakapitia Juba, wakashuka na mashua kwenye Nile, kisha wakaingia Ethiopia, ambako Waitaliani walikuwa wamekaa. Wakachukua Asosa, halafu Gambela, kisha wakafika chini ya Saio.

Huko juu Waitaliani walikuwa wengi kuliko wao, na mizinga wanayo. Huku chini chakula kilikuwa shida, kwa sababu kila gunia lilitoka mbali. Njaa na magonjwa viliua watu, wabeba mizigo pia. Sasa wafanye nini? Walituma doria huku na huku, wakashambulia kidogo hapa, kidogo pale, ili adui asijue hesabu yao. Ni kama sentineli mmoja anayezunguka parseli usiku akikohoa kwa sauti tofauti.

Ujanja ulisaidia. Mwanzoni mwa Julai 1941 Waitaliani walisalimu amri: majenerali 9, na maelfu ya askari nyuma yao. Mkubwa wao, Pietro Gazzera, aliwahi kuwa waziri wa vita wa Italia. Alijisalimisha kwa jeshi dogo kuliko lake!

Lakini kichekesho kingine ni kichungu. Kati ya wale waliokamata majenerali 9, hakuna Mkongomani hata mmoja aliyeruhusiwa kuwa luteni. Ofisa alikuwa Mzungu, basi. Miaka 19 ikapita hivyo. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru, Jenerali Janssens aliwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Wasoda wakaasi.

Ndani ya siku chache serikali ikamtafuta mkubwa mpya wa jeshi. Ikamchukua Victor Lundula, aliyetumikia Force Publique zamani ya vita bila kuwa ofisa. Wakati huo alikuwa burugumesta kule Jadotville, Likasi ya leo. Akaitwa jenerali mara moja.