Kutia Hatamu Nguvu za Pikipiki: Habari za Honda NSR500

Sauti ya pikipiki yenye mtambo wa mipigo miwili haimpotei mtu aliyekwisha kuisikia. Hulia kama nyuki waliochokozwa, na nyuma yake huacha moshi wa samawati, maana mafuta ya kulainisha huungua pamoja na petroli. Katika mtambo huo moto huwaka kila pistoni ipandapo. Katika mtambo wa mipigo minne huwaka mara moja tu kwa kila safari mbili. Kwa hiyo mtambo wa mipigo miwili ni mwepesi, nao hutoa nguvu nyingi kuliko umbo lake. Tangu mwaka wa 1975 mpaka 2001 kila bingwa wa dunia wa daraja ya sentimita za ujazo 500 alipanda pikipiki ya namna hiyo.

Kampuni ya Honda ya Japani haikuupenda mtambo huo. Mwaka wa 1979 ilileta mashindanoni pikipiki ya mipigo minne, nayo ikashindwa vibaya. Ndipo mwaka wa 1982 mafundi wake walipokubali kufuata wenzao, wakaunda NS500 yenye silinda tatu. Wapinzani walikuwa na silinda nne na nguvu zaidi, lakini NS500 ilikuwa nyepesi na rahisi kugeuzwa. Mwaka wa 1983 Bw. Freddie Spencer, Mmarekani mwenye umri wa miaka 21, aliipanda akapata ubingwa kwa alama mbili tu mbele ya Bw. Kenny Roberts wa Yamaha.

Somo hilo halikukaa. Mwaka wa 1984 ilitoka NSR500 yenye silinda nne, na mafundi wakajaribu jambo lisilo la kawaida: tangi la petroli waliliweka chini ya mtambo, na mabomba ya moshi yakapitishwa juu, mahali pa tangi. Walidhani kwamba uzito ukiwa chini, pikipiki itatulia. Walakini pikipiki si gari. Katika kona haina budi kulala upande mmoja, kisha kuinuka na kulala upande wa pili, na uzito uliowekwa chini mno huizuia isigeuke upesi. Zaidi ya hayo, mabomba yale yalikuwa ya moto mno, na fundi aliyetaka kurekebisha kabureta aliunguza mikono. Katika mashindano kadhaa Bw. Spencer alirudia pikipiki yake ya silinda tatu. Ubingwa ukaenda kwa Bw. Eddie Lawson wa Yamaha.

Mwaka uliofuata tangi lilirudishwa juu na mabomba chini, na Bw. Spencer akapata ubingwa wa daraja mbili katika mwaka mmoja, 250 na 500. Mwaka wa 1987 silinda zilitanuliwa ili kabureta zikae katikati yake, na Bw. Wayne Gardner wa Australia akawa bingwa. Bw. Lawson naye alihamia Honda akashinda mwaka wa 1989.

Hata hivyo tatizo kubwa lilikuwa bado. Nguvu za farasi zilizidi 150, nazo hazikuja polepole, bali kwa ghafula, kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Gurudumu la nyuma liliteleza, kisha likashika lami kwa nguvu, na mpanda pikipiki akarushwa juu kama aliyetupwa na punda. Wengi walivunjika mifupa kwa namna hiyo.

Dawa ilipatikana mwaka wa 1992, wala haikuwa ya kuongeza nguvu. Hapo kwanza milipuko ya silinda ilitawanywa katika mzunguko wa mtambo. Sasa mafundi waliikusanya yote minne karibu karibu, ndani ya digrii 70 hivi, na sehemu yote iliyobaki ya mzunguko ikawa kimya. Katika kimya hicho mpira wa gurudumu hupata nafasi ya kushika barabara tena. Bw. Mick Doohan wa Australia alishinda mashindano manne ya kwanza mfululizo, na kabla ya mwaka kwisha washindani wote wakubwa walikuwa wameiga.

Yeye mwenyewe hakufaidi mwaka huo. Huko Assen, Uholanzi, alianguka akavunjika mguu, na matibabu yakaharibika hata ikahofiwa kwamba utakatwa. Daktari mmoja Mwitalia aliishona miguu yake miwili pamoja ili mzima uulishe damu ule mgonjwa. Alirudi kwa mashindano mawili ya mwisho, akakosa ubingwa kwa alama nne. Tangu 1994 mpaka 1998 aliupata mara tano mfululizo. Na ajabu ni hii: mwaka wa 1997 aliutaka tena mtambo wa milipuko iliyotawanywa, ule mkali, akashinda mara 12 katika mashindano 15. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuuzoea.

Bw. Valentino Rossi, Mwitalia, alipata ubingwa wa mwisho wa daraja ya 500 juu ya NSR500 mwaka wa 2001. Mwaka wa 2002 sheria mpya ziliruhusu mitambo ya mipigo minne ya sentimita 990, na hakuna pikipiki ya mipigo miwili iliyoshinda hata mara moja katika daraja hiyo mwaka ule. Bw. Alex Barros wa Brazili alihangaika na NSR500 karibu mwaka mzima. Walipompa pikipiki mpya, huko Motegi, Japani, alishinda siku ya kwanza.