Jina la Sumbawanga halidokezi kitu

Swali hili limenichosha: "Mtaalamu, jina la Sumbawanga si linadokeza kwamba kule kuna uchawi?" Halidokezi. Wewe ndiye unayekisia, na vitendo hivyo viwili vina wenyewe mbalimbali.

Anayedokeza ni msemaji. Anayekisia ni msikilizaji. Dereva wa lori pale Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia, akiuliza kama njia ya kwenda Mbala inapitika, akajibiwa, "Juzi mvua ilinyesha kwelikweli," hapo amedokezwa habari ya matope. Aliyejibu alikusudia hivyo, akamwachia mwenzake amalizie. Dereva huyohuyo akiona mtu kavaa koti zito, akasema moyoni kwamba huyu katoka kwenye baridi ya Sumbawanga, amekisia. Mwenye koti hakumwambia neno.

Sasa hilo jina. Husimuliwa kuwa ni Kifipa, maana yake "tupa uchawi". Haya, tukubali. Wabishi huruka hapohapo: mtu haambiwi atupe asichonacho! Hoja hiyo ingesimama kama tungemjua aliyesema na aliyeambiwa. Nani alimwambia nani? Kama aliambiwa mgeni anayeingia, basi uchawi ni wa mgeni na mji ndio unaoukataa. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alionyesha kuwa dokezo aghalabu hufutika: aliyetaja mvua anaweza kuongeza "lakini njia inapitika" bila kujipinga. Jina la mji litafutwa na nani? Halina msemaji wa kuulizwa nia. Hiyo Mbala yenyewe, ng'ambo ya mpaka, iliitwa Abercorn enzi za ukoloni, kwa jina la kabaila wa Uingereza aliyekuwa rais wa kampuni ya kikoloni. Mbona hakuna aliyekisia kwamba wakazi wake walikuwa mabwanyenye?

Ukitaka kuandika sawasawa: kama unaijua nia ya msemaji, andika "amedokeza"; kama huijui, andika "nimekisia". Ukiwa na shaka, ongeza "lakini" uone kama kauli inajipinga; isipojipinga, hilo halikusemwa. Msemaji yupo karibu? Muulize. Jirani akikwambia "utaona", hajasema atakuroga. Ukiitwa baraza la kata, toa maneno aliyoyatamka; uliyoyakisia baki nayo.