Nani Arushe Zamu ya Mwisho?

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la mchezo wa besiboli, nalo ni jinsi kocha anavyomchagua mrushaji wa kumalizia mechi. Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa. Hapa Kabalagala, jioni ya Jumamosi, runinga za baa huonyesha kandanda ya Uingereza, na mwenye kutaka besiboli hana pa kwenda. Hata hivyo, mchezo huu unachezwa katika baadhi ya shule za Uganda, na wanafunzi walioucheza hutuuliza namna ya kuueleza kwa Kiswahili. Tumeona kuwa neno moja la mchezo huo liliwahi kuathiri maamuzi ya makocha wakubwa, na hilo linatuhusu sisi walimu wa lugha.

Mchezo kwa ufupi

Mechi ya watu wazima ina zamu tisa. Katika kila zamu, kila timu hupiga mpira mpaka wapigaji wake watatu watolewe; wageni hupiga kwanza, wenyeji baadaye. Mpigaji akiupiga vyema mpira aliorushiwa hukimbia kituo hadi kituo, na akivimaliza vyote vinne timu yake hupata alama moja. Mchezo huu hauna dakika ya tisini. Timu inayoongoza haiwezi kujiangusha ili kupoteza muda; ni lazima iwatoe wapigaji watatu wa mwisho.

Mrushaji aliyeanza mechi huchoka, na kocha humtoa na kumwingiza mrushaji wa akiba. Katika ligi za wakubwa aliyetolewa harudi tena siku hiyo. Kwa hiyo kumtumia mrushaji ni kama kutumia shilingi: ikishatoka mfukoni, haipo.

Anachokipima kocha

Kwanza, kocha hutazama wapigaji wanaofuata. Wapigaji tisa huja kwa mpangilio maalumu, hivyo anajua mapema kama zamu ijayo italetwa na mafundi au na wanyonge.

Pili, hutazama mkono. Kwa kawaida mpigaji wa mkono wa kushoto hupata taabu mbele ya mrushaji wa kushoto, na wa kulia mbele ya wa kulia. Zamani kocha aliweza kumwingiza mrushaji kwa ajili ya mpigaji mmoja tu. Tangu mwaka 2020 kanuni za ligi kuu ya Marekani zinamtaka mrushaji akabili wapigaji wasiopungua watatu au amalize nusu ya zamu, isipokuwa akiumia au akiugua.

Tatu, hutazama aina ya urushaji. Mpinzani akiwa tayari kwenye kituo cha tatu, hata mpira uliopigwa vibaya unaweza kuzaa alama. Hapo huhitajika mrushaji anayeweza kumfanya mpigaji aukose mpira kabisa.

Nne, kuna uchovu: amerusha mipira mingapi jana na juzi? Tano, kuna utulivu wa moyo, ambao haupimiki kwa urahisi, lakini kila kocha huuzingatia.

Neno lililobadili mchezo

Zamani huko Marekani mrushaji wa akiba aliye hodari alipewa jina la utani lenye maana ya mzimamoto. Aliitwa pale moto ulipowaka, hata kama ni zamu ya saba, na aliweza kurusha zamu mbili au tatu mfululizo. Kuanzia mwaka 1960 gazeti la The Sporting News lilitoa tuzo kwa mzimamoto bora wa mwaka.

Wakati huohuo mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, alibuni hesabu ya kuwapima warushaji hao, akaiita kwa neno lenye maana ya kuokoa. Mwaka 1969 hesabu hiyo ikawa takwimu rasmi. Kwa kanuni ya sasa, mojawapo ya njia za kuandikiwa uokoaji ni kuingia timu yako ikiongoza kwa alama zisizozidi tatu, kurusha angalau zamu moja nzima, na kuimaliza mechi kwa ushindi.

Hesabu hiyo ilianza kuwaongoza makocha. Mwaka 1988 Tony La Russa wa Oakland alimtumia Dennis Eckersley hasa kwa zamu ya mwisho, na Eckersley akaandikiwa uokoaji 45 msimu huo. Wengine waliiga. Baadaye Mariano Rivera wa New York Yankees alifikisha 652, idadi ambayo haijafikiwa na mwingine.

Lakini tutazame kasoro yake. Timu inayoongoza kwa alama tatu ikiingia zamu ya tisa hushinda karibu kila mara, hata mrushaji akiwa wa kawaida. Bado huyo huandikiwa uokoaji. Anayeingia zamu ya nane, alama zikiwa sawa na vituo vimejaa wapinzani, akawazima wote, haandikiwi uokoaji kwa kazi hiyo.

Usiku wa Toronto

Tarehe 4 Oktoba 2016 Baltimore walikuwa wageni wa Toronto katika mechi moja ya mtoano. Mrushaji wao wa mwisho, Zack Britton, alikuwa amepata nafasi 47 za uokoaji msimu ule na kufaulu zote 47. Zamu tisa zilikwisha alama zikiwa 2 kwa 2, mechi ikaendelea. Kocha wa Baltimore, Buck Showalter, aliwaingiza warushaji wengine na kumwacha Britton akisubiri.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Wenyeji hupiga wa mwisho, kwa hiyo mgeni akipata alama ya kuongoza bado atahitaji mtu wa kuilinda. Makocha wengi humweka mrushaji wao bora kwa ajili ya ulinzi huo. Tatizo ni kwamba alama ya kuongoza huenda isije kabisa. Katika zamu ya 11 Edwin Encarnación alimpiga Ubaldo Jiménez pigo lililovuka uzio na kuleta alama tatu. Toronto walishinda 5 kwa 2, na Britton hakurusha hata mpira mmoja.

Siku mbili baadaye Terry Francona wa Cleveland alifanya kinyume chake. Alimwingiza Andrew Miller, mmoja wa warushaji wake bora, katika zamu ya tano dhidi ya Boston, kwa sababu hatari ilikuwa hapo. Cleveland walifika fainali, na Miller akachaguliwa mchezaji bora wa mfululizo wa nusu fainali.

Lugazi na Kampala

Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilifuzu ikanyimwa viza. Lugazi waliwafunga watoto wa Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Kwa tofauti ya alama moja, kila mrushaji anayechaguliwa ana uzito wake.

Kocha wa watoto ana hesabu ngumu zaidi. Mechi yao ina zamu sita, na mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha mipira zaidi ya 85 kwa siku, ila anaweza kummalizia mpigaji aliye mbele yake. Akirusha kati ya 21 na 35 hupumzika siku moja. 36 hadi 50, siku mbili. 51 hadi 65, siku tatu. 66 au zaidi, siku nne. Ushindi wa leo unaweza kununuliwa kwa mechi ya kesho. Lililo kubwa zaidi ni mkono wa mtoto, ambao ukiharibika hakuna kombe la kuufidia.

Wasomaji wanaofuata kriketi pale Lugogo wataitambua hesabu hii. Katika mechi ya ova 20 mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 4. Tarehe 5 Juni 2024, kule Guyana, Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, alitoa mikimbio 4 tu katika ova zake 4, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia dhidi ya Papua New Guinea. Nahodha naye hujiuliza: nizitumie lini?

Tumwiteje?

Kwa Kiingereza mrushaji huyu huitwa kwa neno lenye maana ya mwenye kufunga. Tukisema "mfungaji", msikilizaji wa Kiswahili ataelewa anayetia mpira wavuni. "Mmaliziaji" naye ni mshambuliaji. "Mrushaji wa mwisho" linaeleweka, ila linamfunga mtu kwenye zamu moja, kama lile la uokoaji lilivyofanya.

Sisi tunapendekeza "mzimamoto". Neno hili linataja kazi, halitaji saa, na mwanafunzi wa Kampala halihitaji kamusi. Tunawaalika walimu na wanafunzi walijaribu darasani na uwanjani, na walio na neno bora zaidi watuletee kwa ajili ya toleo lijalo.